Kabla hujauza kiwanja kwa ajili ya chemba ya oksijeni

Ndugu, umeuliza kama uuze kiwanja cha Pongwe umpeleke bi mkubwa kwenye chemba ya oksijeni, maana kidonda cha unyayo hakifungi na kuna mtu kakuhakikishia huko kitapona. Mimi nimemuuguza baba hapa Ngamiani, Tanga, naye ana kisukari kama bi mkubwa na alikuwa na donda la mguu, kwa hiyo nakujibu kwa moyo wote: usiuze bado.

Chemba yenyewe ni tiba ya kweli. Mgonjwa anaingia, mgandamizo wa hewa unapandishwa mpaka mara mbili au mbili na nusu ya wa kawaida, naye anavuta oksijeni tupu kwa saa moja na nusu hadi mbili. Oksijeni inayeyuka kwa wingi kwenye majimaji ya damu na kufika kwenye nyama iliyokuwa inaikosa. Wapiga mbizi waliopanda juu haraka hutibiwa humo humo. Ila kwa kidonda, ni siku tano kwa wiki, mara 30 hadi 40. Hesabu nauli, chakula na pa kulala kwanza.

Na matokeo yanapingana. Sweden, mwaka 2010, utafiti wa wagonjwa 94 wa kisukari wenye vidonda vya mguu ulionyesha kidonda kimefunga ndani ya mwaka kwa asilimia 52 ya waliopata oksijeni, na asilimia 29 ya waliopewa hewa ya kawaida. Uholanzi, 2018, wagonjwa 120 wenye mishipa iliyoziba: hakuna tofauti ya maana. Huko Marekani, Medicare, bima ya serikali ya wazee, hailipii mpaka kidonda kiwe kirefu, kimeingia usaha ndani au mfupa, na matibabu ya kawaida yawe yameshindwa kwa siku 30.

Hayo matibabu ya kawaida ndiyo yaliyomponya baba. Kidonda kilikuwa chini ya dole gumba, kingo zake ngumu na nyeupe. Muuguzi alimwambia afumbe macho, akamgusa unyayo kwa kiuzi cha nailoni mpaka kikapinda. Mzee akauliza, "Umeshaanza?" Hakusikia kitu. Kumbe kila akienda msikitini alikuwa anakikanyaga kidonda bila kuumia! Hapa ndipo tunapopoteza miguu ya wazazi wetu: tunabadilisha asali, unga wa kapsuli, sijui majani gani, na mgonjwa bado anatembea juu ya kidonda. (Ganzi hii ni balaa. Madaktari wa Dar es Salaam wameandika kuhusu wagonjwa walioliwa miguu na panya usingizini.)

Daktari alipapasa mapigo ya damu juu ya mguu, akakuta yapo. Akapiga picha ya mfupa, akakata nyama iliyokufa na zile kingo, kisha akamfunga hogo mpaka chini ya goti ili uzito usambae. Mzee alinuna, kuswali kwenye kiti hakukumpendeza. Lakini kila hogo lilipofunguliwa, nyama ilikuwa nyekundu na kidonda kimepungua. Sukari nayo tuliibana kwa insulini.

Kwa hiyo muulize daktari wa bi mkubwa: damu inafika mguuni? Mfupa umeingiliwa? Uzito unaondolewaje? Kama mshipa umeziba, hela iende kwanza kwenye kuuzibua, kwa sababu oksijeni inasafiri na damu hiyo hiyo. Haya yote yakifanyika kikamilifu na kidonda kikagoma, na daktari wa miguu mwenyewe akashauri chemba, hapo kuuza kiwanja kuna hoja. Masikio na mapafu yapimwe kabla, na sukari ipimwe kila anapoingia, huwa inashuka mle ndani.

Kidonda kiko kisiginoni au chini ya vidole? Anakanyagia nini, kandambili? Nijibu hayo. Ila kama mguu unavimba, wekundu unapanda, kuna harufu au homa, usingoje jibu langu. Mpeleke hospitali ya Bombo usiku huu huu.