Mwanafunzi hana makaratasi: ajaze fomu ipi ya chuo California?

SWALI: Nafundisha sekondari ya umma San Diego, California. Mwanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho aliletwa na wazazi kutoka Kenya akiwa darasa la saba, kwa viza ya matembezi ambayo muda wake uliisha zamani. Hana namba ya Social Security (ya hifadhi ya jamii ya Marekani). Je, aombe chuo kama mwanafunzi wa kigeni? Na FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa fedha za chuo, ajaze?

JIBU: Hapana kwa yote mawili, Mwalimu. Hilo la kwanza ndilo huwagharimu wengi. Kwa vyuo vya Marekani, mwanafunzi wa kigeni ni yule anayekuja kwa viza ya masomo. Wako akijiweka kundi hilo ataombwa taarifa za benki za familia, kisha atozwe ada ya mtu wa nje ya jimbo, ambayo University of California humzidishia zaidi ya dola 30,000 kwa mwaka. Ajaze fomu ileile ya wenzake. Penye namba ya Social Security aache wazi: asibuni, asiazime ya binamu.

Nafuu ya ada, yaani kulipa kama mkazi wa jimbo, inatoka kwenye sheria ya AB 540 ya mwaka 2001. Awe amesoma California miaka mitatu, amalize sekondari humo humo, na asaini kiapo chuoni kwamba ataomba ukaazi wa kisheria mara atakapostahili. Viza iliyokwisha haimzuii. Ajabu ni kwamba anayezuiwa ni mwenye viza ya matembezi ambayo bado hai.

FAFSA ni ya serikali kuu na haina hata senti kwa ajili yake. Ajaze California Dream Act Application, ya jimbo, inayofunguliwa Oktoba. Kwa wanaoelekea vyuo vya miaka minne, mwisho wa kuomba Cal Grant, ruzuku ya jimbo, kwa kawaida ni Machi 2.

Wengi hukwama hapa: shule nayo lazima itume wastani wa alama zake, yaani GPA, kabla ya tarehe hiyo hiyo. Kwa kuwa hana namba, kompyuta huoanisha fomu na alama kwa jina na tarehe ya kuzaliwa. Shule imemwandika Baraka Mwangi, yeye kajaza Baraka Juma Mwangi. Au kazaliwa 4 Septemba, akaandika 04/09, ambayo Marekani ni Aprili 9. Alama zinabaki zikielea na msaada hautoki. Keti naye, rekodi ya shule mkononi, mlinganishe herufi kwa herufi.

DACA, mpango wa serikali kuu wa kuwakinga na kufukuzwa nchini walioletwa wakiwa watoto, msipoteze muda nayo. Ilitaka mtu awe ameingia nchini kabla ya Juni 15, 2007, na maombi mapya hayashughulikiwi tangu 2021.

Akiwa na mdogo wake aliyezaliwa Marekani, huyo ana haki ya FAFSA, na mzazi asiye na namba anaweza kufunguliwa akaunti ya kujazia fomu hiyo. Ila taarifa za mzazi zinakwenda serikali kuu, kwa hiyo uamuzi ni wa familia, si wako.

Haya yote ni ya California. Texas, nayo iliyopitisha sheria kama AB 540 mwaka 2001, ilizimiwa mahakamani Juni 2025.

Na barua ya kumpendekeza: usitaje hali ya makaratasi yake bila ruhusa yake, hata kama unadhani itawagusa wasomaji. Kwenye barua pepe ya shule pia usiiandike.