Ukitaka kudumu kwenye tekno: kiki, flashi na mkataba

Wengi wanaoingia kwenye muziki wa tekno huanza na vifaa: mikisa (mashine ya kuchanganyia nyimbo) gani, kontrola ipi, sintesaiza (ala ya sauti za kielektroniki) ya aina gani. Swali hilo lingoje. DJ wa tekno anayealikwa mbali na kwao, mara nyingi anaalikwa kwa sababu ya nyimbo alizotoa, na nyimbo hizo hazitapigwa kama ma-DJ wenzake hawawezi kuzichanganya. Studio na kibanda cha DJ ni kazi moja. Tuanze studio.

Tekno inasimama juu ya kiki, ile ngoma ya chini inayopiga mapigo yote manne ya kila kipimo, kwa mwendo ambao mara nyingi uko kati ya mapigo 125 na 150 kwa dakika. Tuchukue 135 ili hesabu ziwe na mfano: pigo moja linachukua milisekunde 444, na robo ya pigo ni milisekunde 111. Sauti mama ni ya mashine ya midundo ya Roland TR-909 ya mwaka 1983. Huna haja ya kuitafuta mashine yenyewe, sampuli zake zimejaa kwenye kila programu ya kutengenezea muziki. Chagua moja nzuri uiguse kidogo tu. Ukijikuta umepanga ikwalaiza tatu (za kurekebisha sauti za chini na za juu) na kompresa mbili (za kubana sauti) juu ya kiki moja, sampuli ndiyo mbaya; itupe, tafuta nyingine.

Sauti yake ya msingi iweke kati ya Hz 49, ambayo ni nota ya G, na Hz 55, ambayo ni A. Ukishuka sana chini ya hapo, spika nyingi za klabu zinaanza kushindwa. Ukipanda sana, kiki inapoteza uzito. Mkia wake ukate uishe kati ya milisekunde 200 na 250, maana nafasi inayobaki kabla ya pigo linalofuata ina mwenyewe: mngurumo.

Mngurumo ndio unaowafanya wasikilizaji wahisi besi hata pale ambapo hakuna ala ya besi inayopigwa, na unatengenezwa kutokana na kiki yenyewe. Peleka nakala ya kiki kwenye chaneli ya pili. Weka riverbu (mwangwi wa kutengeneza) ya sekunde 1.5 hadi 2.5, ikiwa asilimia 100, yaani sauti kavu isipite kabisa. Fuatisha filta inayokata kila kilicho juu ya Hz 150 na chini ya Hz 30. Ongeza ukwaruzo kidogo ili mngurumo usikike hata kwenye spika ndogo. Geuza chaneli nzima iwe mono, yaani sauti ileile kushoto na kulia. Mwisho weka kompresa ya saidicheni inayoisikiliza kiki: ishushe mngurumo desibeli 6 hadi 10 kila kiki inapogonga, ianze kubana papo hapo, na iachie ndani ya milisekunde 110 hivi, sawa na ile robo ya pigo.

Hapo kwenye kuachia ndipo wengi wanapoharibu. Kompresa ikiachia mapema mno, mngurumo unarudi wakati mkia wa kiki bado haujaisha, mawimbi mawili ya chini yanapingana, na kiki inasikika nyembamba. Prodyuza asiyejua chanzo anapandisha sauti ya kiki, kisha anapandisha mngurumo uifikie, na mwisho wimbo mzima umejaa tope. Ikichelewa kuachia, mngurumo unajitokeza mwishoni tu mwa pigo na wimbo unaonekana kuchechemea. Jaribio lake ni rahisi: sikiliza kiki peke yake, kisha washa mngurumo. Kiki ikidhoofika, geuza fezi ya mngurumo (wimbi lake lipinduke juu chini) au usogeze mbele milisekunde chache, usikilize tena. Fanya hivyo ukiwa kwenye mono, kwa sababu besi ya mifumo mingi ya klabu hutoka hivyo.

Baada ya hapo matoazi, makofi na lile lupu moja la sintesaiza, yaani kipande kinachojirudia, ni suala la ladha, na ladha haifundishiki kwenye makala. Mpangilio unafundishika. Wimbo uanze moja kwa moja na kiki, bila ukimya mbele ya faili. Vipimo 32 vya mwanzo viwe vya midundo zaidi, bila ile sauti kuu. Kwa mwendo wa 135 hizo ni sekunde 57, muda ambao DJ anauhitaji kuingiza wimbo wako bila papara. Badilisha kitu kila baada ya vipimo 8 au 16, hata kama ni toazi moja tu, kwa sababu DJ anahesabu hivyo na wachezaji wanahisi hivyo pasipo kujua. Malizia na vipimo 32 vingine vinavyopungua. Toleo fupi la dakika tatu kwa ajili ya mitandao litengeneze pembeni ukipenda, ila hilo si la kumtumia DJ.

Faili la kupeleka kwa mtu wa masta, anayeunyoosha wimbo mara ya mwisho kabla haujatoka, liwe WAV ya biti 24, kilele chake kikiwa karibu desibeli 6 chini ya kikomo, bila limita (kibano kinachozuia sauti isipite kikomo) kwenye chaneli kuu. Ukiibana mwenyewe kwa hofu kwamba itaonekana ndogo, umemnyima nafasi ya kufanya kazi, na hawezi kurudisha kilichokatwa.

Sasa flashi, ile unayobebea nyimbo zako. Usiku mwingi unaharibikia hapa kuliko kwenye kuchanganya. Klabu nyingi zina plea (mashine za kuchezea nyimbo) za Pioneer, na zile za zamani hazisomi flashi yenye mfumo wa exFAT wala NTFS. Flashi za zaidi ya GB 32 kwa kawaida huja na exFAT kutoka dukani, kwa hiyo ifomati kwanza iwe FAT32, ndipo uingize nyimbo kupitia rekordbox, programu ya Pioneer ya kupangia nyimbo. Kukokota mafolda kwa mkono kunacheza, ila utakosa orodha zako, gridi za mapigo (alama za mahali kila pigo linapoanguka) na alama za kuanzia. Tengeneza flashi mbili zinazofanana kabisa, na usizitie mfuko mmoja.

Aina ya faili nayo ina mitego. FLAC haisomwi na plea za Pioneer za CDJ-2000 za mwanzo. WAV za biti 24 wakati mwingine huandikwa na kichwa cha faili ambacho plea hukikataa, na kiooni inatokea E-8305. Faili linacheza vizuri kwenye kompyuta, kwa hiyo hutajua mpaka uwe kibandani. Njia salama ni AIFF ya biti 16 na 44.1 kHz, ambayo pia hubeba jina la wimbo na la msanii vizuri kuliko WAV. MP3 ya kbps 320 inafaa kama nafasi ni ndogo.

Orodha zipange kwa kazi ya wimbo: za kufungulia, za kujenga, za kilele, za kupumzisha. Ukifungua folda lenye nyimbo 900 zilizoandikwa “tekno” saa nane usiku, utapiga zilezile kumi unazozikumbuka. Hakiki gridi ya kila wimbo kwa sikio. Rekordbox hukosea pigo la kwanza mara nyingi pale wimbo unapoanza na kelele badala ya kiki.

Ukifika, angalia plea zimeunganishwa kwa kebo za LAN. Flashi moja itazilisha zote, lakini usiichomoe wakati plea ya pili bado inasoma kutoka kwake: itaingia kwenye lupu ya dharura na kurudia kipande kifupi hadi upakie wimbo mwingine. DJ anayekufuata akitaka kuchomeka yake, acha yako mpaka wimbo wako wa mwisho umekwisha.

Mapigo linganisha kwa hedifoni na spika ya kibandani, usitegemee spika kubwa za ukumbini. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde, hivyo spika iliyo mita 10 kutoka kwako inakufikia milisekunde 29 baadaye, na hilo linatosha kukufanya usahihishe kisichokuwa na kosa. Wimbo unaoingia uje besi yake ikiwa imekatwa. Ubadilishanaji wa besi ufanyike kwenye pigo la kwanza la vipimo 16 vipya. Kiki mbili zenye nguvu sawa zikigonga pamoja zinaweza kuongeza desibeli 6, taa za mikisa zinakuwa nyekundu, limita ya ukumbi inabana kila kitu, na muziki unanywea badala ya kukua. Kitufe cha SYNC, kinacholinganisha mapigo chenyewe, kitumie ukitaka, hakuna aibu. Ila ujue kulinganisha bila hicho, maana gridi ikikosea, SYNC inakosea nayo.

Spika ya kibandani ianze chini, kwa sababu masikio yanazoea na mkono utaipandisha tu. Kanuni inayotumika sana ya usalama ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinapunguza muda kwa nusu. Kwenye desibeli 100 zinabaki dakika 15, na seti ni saa mbili. Nunua vizibo vya masikio vyenye filta, vilivyotengenezwa kwa umbo la sikio lako, kabla ya kununua kifaa kingine chochote. Mlio usioisha ndani ya sikio umewapunguzia kazi watu hodari, na hauna tiba ya kuuondoa.

Kuhusu lebo, yaani kampuni zinazotoa nyimbo, kumbuka waanzilishi wa tekno wa Detroit, Marekani, hawakusubiri kuchukuliwa na lebo ya mtu: Juan Atkins alianzisha Metroplex mwaka 1985, na Derrick May na Kevin Saunderson wakaanzisha zao, Transmat na KMS. Njia hiyo bado iko wazi. Ukipendelea lebo ya mtu, tuma nyimbo tatu tu, kwa linki ya faragha, kwa lebo moja baada ya nyingine. Barua pepe inayoonyesha anwani 30 inafutwa bila kusikilizwa. Wakikubali, soma vitu vinne kwenye mkataba: haki ya rekodi wanaishika kwa miaka mingapi, mgawanyo ni wa mapato kabla au baada ya gharama, nani anapanga gharama hizo, na ripoti zinakuja mara ngapi. Haki ya utunzi ni kitu tofauti na haki ya rekodi. Isajili mwenyewe kwenye chama cha hakimiliki, na kama mlitunga wawili, andikeni asilimia siku mnayomaliza wimbo, kabla haujatoka.

Kwa promota, omba nusu ya malipo kabla jina lako halijawekwa kwenye tangazo, na uandike: saa ya kuanza na kumaliza, usafiri na malazi ni juu ya nani, modeli za plea na mikisa zitakazokuwepo, na kinachotokea usiku ukiahirishwa. Promota mzuri hujibu haya kwa barua pepe moja.