Maswali yenu kuhusu Paul Simon: besi ya Soweto, hodi isiyopigwa na sikio la kushoto

Nilipogusia hapa kwamba mtunzi wa Kimarekani Paul Simon, mzaliwa wa 1941, bado anarekodi na kupanda jukwaani, sikutarajia simu ijae ujumbe kiasi hiki. Kumbe Mtwara na Lindi wapo wapenzi wake, wamejificha tu nyuma ya sabufa za singeli. Nimechukua maswali yenye nyama kwanza, yale mepesi nimeyamaliza kwa mkato mwishoni.

SWALI: Marehemu baba aliacha kanda moja tu ya huyu bwana, ile ya 1986 yenye kwaya ya Kizulu. Inanitosha, au kuna nyingine niitafute? (Kijana wa Masasi)

Hiyo ni Graceland, na kama ilikuwa ibaki moja tu, marehemu alichagua vizuri. Ujue jinsi ilivyopikwa. Watunzi wa aina yake huanza na gitaa na maneno, wakishamaliza ndipo wanaita wapigaji. Simon aligeuza. Februari 1985 alikwenda Johannesburg na fundi wake wa sauti, Roy Halee, wakakaa studio kama wiki mbili na wanamuziki wa huko. Wenyeji wakapiga vyao, mkanda unazunguka. Akarudi Marekani na midundo isiyo na hata mstari mmoja wa mashairi, ndipo akaanza kutunga akiisikiliza. Ndiyo maana maneno yake mle ndani yanamfuata Ray Phiri kwenye gitaa, na Phiri hamsubiri mtu.

Baada ya hiyo, tafuta The Rhythm of the Saints ya 1990. Safari hii alianza na ngoma za Brazil, kundi la Olodum la Salvador likiwemo, halafu juu yake akaweka magitaa, na anayesikika sana ni Vincent Nguini wa Cameroon. Mimi binafsi naipenda kuliko Graceland. Najua nitapingwa, lakini mtu aliyekulia kwenye sindimba hapati shida na albamu ambayo ngoma ndiyo inayoongoza na mwimbaji anatafuta pa kupita.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu hapa Nachingwea. FRELIMO walifundishwa vita hapa hapa, tukawaona kwa macho yetu. Sasa mnatusifia mtu aliyekwenda kwa makaburu wakati dunia imewasusia? (Mwalimu, Nachingwea)

Shikamoo, Mwalimu. Swali lako ndilo lililonichukua muda, kwa sababu anayeuliza ni mtu wa Nachingwea, na huko watu hawakuisoma historia hii vitabuni.

Tuanze na yaliyo wazi. Desemba 1980 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitaka wasanii wasusie Afrika Kusini. Simon alikuwa amekataa kwenda kutumbuiza Sun City, kituo cha anasa kule makaburu walikomwaga fedha kuwavuta mastaa. Hilo tumwandikie. Lakini kurekodi alikwenda, na kabla ya kwenda alimwomba ushauri Harry Belafonte, mwimbaji na mwanaharakati Mmarekani mweusi. Belafonte akamwambia azungumze kwanza na ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Hakuzungumza nao.

Watetezi wake wana hoja, na si nyepesi. Chama cha wanamuziki weusi wa huko kilikubali aje. Malipo yao yalikuwa mara tatu ya kiwango cha chama cha wanamuziki cha New York. Majina yao yaliandikwa kwenye nyimbo kama watunzi wenza pale walipotunga: Joseph Shabalala wa Ladysmith Black Mambazo, ndiyo ile kwaya ya Kizulu, Forere Motloheloa mpiga kodiani kutoka Lesotho, General Shirinda. Wewe na mimi tunajua wanamuziki wangapi wa kwetu walirekodi, wakalipwa nauli na chai, na hawakuandikwa popote. Halafu 1987 alipozunguka na albamu ile, waliokuwa naye jukwaani ni Miriam Makeba na Hugh Masekela, wakimbizi wa kweli wa utawala ule. Walipiga hadi Harare, uwanja wa Rufaro, hatua chache tu kutoka kwa kaburu. London kulikuwa na waandamanaji nje ya ukumbi, na Masekela akawa ndani anapuliza tarumbeta.

Pamoja na hayo yote, Mwalimu, mimi niko upande wako kwa nusu. Simon aliingia nyumba ya watu yenye msiba akakaribishwa na vijana jikoni, wazee walioketi ukumbini hakuwapigia hodi. Vijana walimkaribisha kwa moyo mweupe, na chakula walichopika pamoja kilikuwa kitamu. Hodi bado ilikuwa haki ya wazee. Wakati ule watu walikuwa wanazika ndugu zao kwa ajili ya vikwazo vile, na kikwazo kinachoruhusu kila mwenye nia njema apite hakina maana. Yeye mwenyewe aliendelea kusema msanii hapaswi kuomba kibali kwa wanasiasa. Sentensi hiyo inapendeza ukiisikia New York. Ukiisikia Nachingwea, au Mazimbu kule Morogoro walikoishi wakimbizi wa ANC, inakwaruza.

Vikwazo vya utamaduni vilipoondolewa, Januari 1992, alikwenda kutumbuiza Johannesburg, na Mandela akampokea. Miaka ishirini baadaye akakaa kitako na Dali Tambo, mtoto wa kiongozi wa ANC Oliver Tambo; Dali ndiye aliyekuwa amesimama kidete kumpinga. Walizungumza mbele ya kamera na wakaishia kukumbatiana. Kama Dali amesamehe, mimi ni nani? Ila kusamehe hakugeuzi kosa kuwa sahihi, na sioni sababu ya wewe kuacha kukunja uso kanda ile ikilia.

SWALI: Napiga besi kwaya ya kanisani. Ule mpasuko mfupi wa besi kwenye You Can Call Me Al nimeuhangaikia hadi vidole vimeota sugu. Kosa langu liko wapi? (Mpiga besi, Mtwara mjini)

Hakuna kosa. Unashindana na mkasi. Aliyepiga ni Bakithi Kumalo wa Soweto, kwenye besi isiyo na freti, vile vyuma vya kugawa noti shingoni, ndiyo maana noti zake zinateleza kama mtu anayenong'ona. Alipiga nusu ya kwanza tu, inayoteremka. Halee akaichukua nusu hiyo, akaigeuza mkanda nyuma mbele, akaiunga mwishoni. Sikiliza vizuri: nusu ya pili kila noti inaanza kwa kuvimba na kukatika ghafla, kwa sababu mkia wake umekuwa kichwa. Kidole cha binadamu hakitoi sauti hiyo. Kumalo mwenyewe ilibidi atafute namna ya kuipiga jukwaani, na anaipiga. Kwa hiyo wewe jifunze noti, hiyo ya kuvimba waachie mafundi mitambo. Ukiiweza Jumapili ijayo, naomba usiichomeke katikati ya wimbo wa sadaka.

SWALI: The Sound of Silence ninayo mara mbili kwenye flashi. Moja ina ngoma, nyingine haina. Ipi ya kweli? (Dada wa Lindi)

Zote, dada, na ipo hata ya tatu. Isiyo na ngoma ni ya 1964, sauti mbili na gitaa kavu, Simon na rafiki yake wa utotoni Art Garfunkel. Albamu ilidoda, wawili wakaachana, Simon akaenda zake Uingereza kupiga kwenye vilabu vidogo. Huko ndiko alikorekodi ile ya tatu, 1965, peke yake, na ukiongeza sauti unasikia mguu wake ukigonga sakafu.

Yenye ngoma ina kisa. Juni 1965 prodyuza Tom Wilson, Mmarekani mweusi aliyekuwa anafanya kazi pia na Bob Dylan, aliingia studio na wapigaji wengine, akaweka gitaa la umeme, besi na ngoma juu ya rekodi ile ya zamani. Wenye wimbo hawakuulizwa. Simon alikuwa Ulaya, akaja kuambiwa baadaye. Januari 1966 ikashika namba moja Marekani. Kwa kuwa waimbaji walikuwa wamerekodi bila kipimo cha mwendo, mahali fulani wanapunguza kasi kidogo, na unamsikia kabisa mpiga ngoma anawavizia asiwapite. Kasoro ile naipenda. Leo kompyuta ingeinyoosha.

SWALI: Alituaga 2018, akafanya matamasha ya kwaheri. Leo tunasikia amerudi. Huu si utapeli wa tiketi? Na hiyo albamu yake Seven Psalms nimeipakua, haikatiki wala hairuki, bando linaisha bure. (Msomaji, Kilwa Masoko)

Tiketi za 2018 zilikuwa za kuaga ziara ndefu, na sababu mojawapo aliitaja mwenyewe: Vincent Nguini, yule Mcameroon, alifariki Desemba 2017 baada ya kupiga naye karibu miaka thelathini. Ray Phiri alikuwa ametangulia Julai mwaka huo huo. Mtu aliyezoea kutunga akisikiliza wenzake, wenzake wakiondoka anabaki na nini? Anabaki na gitaa lake. Basi Seven Psalms ndiyo hiyo: gitaa kavu, sauti ya mzee, vyombo vichache vinavyopita kama wageni, na kuelekea mwisho anaingia mkewe, Edie Brickell.

Anasema Januari 2019 aliota ndoto ikimwambia kwamba anaandika kitu kiitwacho zaburi saba. Tangu hapo maneno yakawa yanamjia kati ya saa tisa na nusu usiku na saa kumi na moja, wakati ambao huko Kilwa muadhini bado anatafuta viatu. Akiwa katikati ya kazi, sikio la kushoto likapoteza karibu usikivu wote. Albamu ikatoka Mei 2023, dakika 33, na aliiacha makusudi iwe kipande kimoja. Unataka kuruka kutoka zaburi ya kwanza hadi ya saba, ndugu yangu, yeye hataki uruke. Ipakue mara moja kwenye Wi-Fi ya rafiki, uisikilize usiku umeme ukiwa umekatika na spika ina chaji.

Aliporudi 2025, alirudi na kumbi ndogo na sauti ya chini, spika za jukwaani zimepangwa upya ili asikie. Nusu ya kwanza ni Seven Psalms nzima, nusu ya pili ni nyimbo za zamani. Na besi? Bakithi Kumalo.

YA MKATO

Wamepatana na Garfunkel? (Newala) Mwaka 2024 Garfunkel alisimulia kwamba walikula pamoja chakula cha mchana na machozi yakawatoka. Msitegemee tamasha.

Ni kweli ameuza nyimbo zake? (Mikindani) Kweli, 2021, kwa Sony. Kuziimba bado anaziimba.

Aliwahi kuchemsha? (Tandahimba) Tena sana. Mchezo wa jukwaani The Capeman, alioandika na mshairi Derek Walcott, ulifungwa Broadway 1998 baada ya maonyesho 68. Na albamu ya 1983, Hearts and Bones, ilidoda hadi kampuni ikaacha kumfuatilia. Hapo ndipo alipopata nafasi ya kusikiliza, ndani ya gari, kanda ya Soweto aliyoazimwa na rafiki, bila mtu wa kumuuliza anakwenda wapi.