Maswali ya Wasomaji: Mtoto Asiyefikia Mstari wa Kimo

Miongoni mwa barua tulizopokea mwezi huu, tatu kutoka Moshi na Arusha zinahusu jambo moja, yaani mtoto anayezuiwa kupanda bembea au mchezo wa mashine kwa sababu hajafikia kimo kinachotakiwa. Tumeziweka pamoja kwa kuwa jibu la moja linasaidia kuielewa nyingine.

SWALI: Mhariri, mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa Majengo, Moshi. Mwaka jana tulikwenda Dar es Salaam kwa likizo, tukawapeleka watoto kwenye bustani moja ya michezo. Baada ya kusimama kwenye foleni juani karibu saa nzima, mhudumu alimsimamisha binti yangu kwenye ubao wa kipimo akamwambia kwamba hawezi kupanda, na wakati huo kaka yake alikuwa amekwisha kufungwa mkanda. Alilia mpaka tuliporudi kwa wenyeji wetu, na kaka yake naye akakosa raha. Desemba hii mdogo wangu anayeishi Orlando, Marekani, ametualika kwake na amewaahidi watoto kuwapeleka kwenye bustani ya michezo ya Magic Kingdom. Binti ana miaka 6; nilimpima juzi usiku nikapata sentimita 109. Kaka yake ana miaka 10 na kimo cha sentimita 138. Nifanye nini ili yale ya Dar es Salaam yasijirudie? — *Mama wa Wawili, Moshi*

JIBU: Pole, Mama. Kwa jinsi ulivyoeleza, binti yako aliumizwa na wakati alipoambiwa kuliko alivyoumizwa na mstari wenyewe: alijulishwa mwisho wa foleni, mbele ya watu asiowajua, kaka yake akiwa ameketi tayari. Safari hii habari hiyo aipate nyumbani kwenu Majengo, kutoka kinywani mwako, miezi kadhaa kabla ya kupanda ndege.

Anza kwa kumpima upya, tena asubuhi. Kati ya mifupa ya uti wa mgongo kuna visahani laini ambavyo hubanwa na uzito wa mwili kutwa nzima na kujaa tena mtu anapolala, ndiyo maana kimo cha mtu hupungua kwa takriban sentimita moja kati ya kuamka na kwenda kulala. Kipimo chako cha usiku huenda kimempunja kidogo. Avue viatu, na kama amesukwa mtindo unaosimama juu ya utosi, subiri siku atakayofumuliwa. Asimame kwenye sakafu ya saruji isiyo na zulia, visigino, makalio na mabega viguse ukuta, na macho yatazame mbele bila kuinua kidevu. Kisha laza kitabu chenye jalada gumu juu ya utosi, ubavu wake ukiwa umegusa ukuta, uweke alama ya penseli chini ya kitabu na kupima kutoka sakafuni. Futikamba ya fundi cherehani iliyotumika miaka mingi huwa imevutika, kwa hiyo ni heri kuazima futi ya chuma ya seremala.

Mtoto wa umri wake huongezeka kwa wastani wa sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Kama sasa ana 109, kufikia Desemba anaweza kuwa na 111 au 112, na hapo ndipo penye mtihani wako. Wamarekani hupima kwa inchi, ambayo ni sentimita 2.54, na katika bustani ya Magic Kingdom treni ya kasi iitwayo The Barnstormer inahitaji inchi 35, sawa na sentimita 89, na Seven Dwarfs Mine Train inahitaji inchi 38, sawa na sentimita 97. Hizo mbili binti yako anazipanda hata leo. TRON Lightcycle inahitaji inchi 48, ambazo ni sentimita 122, kwa hiyo hiyo ataiacha na wala pasiwe na mjadala. Iliyobaki katikati ni Space Mountain, inayohitaji inchi 44, takriban sentimita 112, na hiyo ndiyo ninayokusihi usimwahidi kabisa. Kipimo cha ukutani kwako hakimfungi mhudumu wa mlangoni. Yeye hupima upya, na neno lake ndilo la mwisho hata kama pungufu ni upana wa kidole. Mwambie binti kwamba kuna mchezo mmoja ambao huenda akaufikia na huenda asiufikie, na kwamba mtajua siku hiyo hiyo. Kabla ya kuondoka, mwombe mdogo wako aitazame tena orodha ya vimo kwenye tovuti ya bustani hiyo, kwa sababu wenye bustani huibadilisha mara kwa mara.

Wazazi wengi hupotewa na nusu ya siku kwa kutojua kwamba bustani kubwa za Orlando zina utaratibu wa kubadilishana zamu. Familia nzima inafika kwenye lango la mchezo, inamwambia mhudumu kwamba kuna mtoto asiyefikia kimo, kisha mtu mzima mmoja anaingia na mtoto mkubwa huku mwingine akibaki na mdogo. Wa kwanza wakitoka, aliyebaki anaingia bila kuanza foleni upya, na mara nyingi mtoto mkubwa huruhusiwa kupanda kwa mara ya pili pamoja naye. Sharti ni kuuomba utaratibu huo mapema, kabla hamjagawanyika. Ukiukumbuka baada ya baba na kijana kwisha kuingia, unaweza kuambiwa umechelewa.

Binti naye asikae langoni akikodolea macho treni ya kaka yake, maana hiyo ni Dar es Salaam nyingine. Keti naye sasa, mwoneshe picha za michezo isiyo na masharti ya kimo, achague miwili au mitatu ambayo ataipanda wakati kaka yake yuko kwingine. Aiite yake, na aijue kwa majina. Aiskrimu peke yake haitoshi; mtoto wa miaka 6 anajua vizuri kabisa anapobembelezwa.

Katika maneno, epuka kusema "wewe bado mfupi", na mkataze kaka yake pia. Sema kwamba kiti kile kimeundwa kwa mwili wa kimo fulani na kwamba mwili wake bado haujakijaza. Watoto wa Moshi mna mfano mlangoni kwenu: aliye chini ya miaka 10 haruhusiwi kupanda Kilimanjaro mpaka kileleni, awe mwepesi wa miguu kiasi gani, na hakuna mtoto wa Marangu anayelichukulia hilo kama tusi. Anangoja miaka yake.

SWALI: Mhariri, mimi ni babu wa miaka 68, mkazi wa Sanawari, Arusha. Sikukuu ya Krismasi mjukuu wangu wa miaka 8 alikataliwa kwenye mashine moja ya kuzunguka kwa kasi. Mjomba wake akamchukua pembeni, akakunja boksi gumu, akaliweka ndani ya viatu vyake, na waliporudi akapita. Hakudhurika. Mimi nilikasirika lakini vijana wakaniona mkali bure. Je, nilikosea? Pia, kijana huyu ana sentimita 114 tu na wenzake humcheka. Je, amedumaa? — *Babu, Arusha*

JIBU: Shikamoo, Babu. Hukukosea hata kidogo, na nitaeleza kwa kirefu ili uwe na la kuwaambia vijana.

Mtu akisimama, boksi la chini ya kisigino linamwongezea kimo. Akishaketi, linabaki chini ya nyayo na halina kazi tena: mapaja ni yale yale, nyonga ni zile zile, mabega yako pale pale. Na mashine hizo hazimshiki mtu kwa nyayo. Chuma kinachoshushwa mapajani kimekusudiwa kukaa juu ya mifupa ya nyonga, na chuma cha mabegani kimekusudiwa kulala juu ya mabega na kifua. Mtoto aliye mfupi kuliko kiti kilivyokusudia anaweza kuteleza chini ya kile cha mapajani pale mashine inapofunga breki au kushuka ghafla, na kile cha mabegani kinaweza kumfika shingoni au mashavuni. Miguu yake ikining'inia bila kugusa sakafu ya kiti, hana pa kujikazia.

Lipo na suala la kichwa. Mtoto mchanga ana kichwa ambacho ni takriban robo ya urefu wa mwili wake, ilhali cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane, na mtoto wa miaka 8 yuko njiani kati ya hao wawili, akiwa na shingo ambayo bado haijapata nguvu ya kukihimili kichwa hicho mashine inapomrusha upande huu na huu. Kimo cha chini huwekwa na mtengenezaji wa mashine kwa kuzingatia kiti na mwendo wake, na mwenye bembea anaweza kukipandisha, lakini hana ruhusa ya kukishusha.

Kuna hatari nyingine ambayo watu wazima wenye nia njema huitengeneza wenyewe. Kwenye viti vya watu wawili vyenye chuma kimoja, mjomba mwenye mapaja manene akiketi na mtoto ili amshike, chuma husimama kwenye mapaja ya mjomba na kuacha pengo kubwa juu ya mapaja ya mtoto. Mikono ya mjomba haiwezi kuziba pengo hilo mashine ikishaanza kukimbia. Kwamba safari ile mjukuu hakudhurika ni bahati, na mjomba mtu aisifie bahati, asiusifie ujanja wake.

Kuhusu kudumaa, kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani mvulana wa miaka 8 ana wastani wa sentimita 127, na mstari wa chini unaowafanya wataalamu waangalie zaidi uko karibu na sentimita 116. Mjukuu wako yuko chini yake kidogo, kwa hiyo usikae na wasiwasi nyumbani. Mpelekeni Hospitali ya Mount Meru pamoja na kadi yake ya kliniki ya utotoni kama ingalipo, kwa sababu daktari atataka kuona alivyokuwa akikua mwaka hadi mwaka. Atauliza pia kimo cha baba na mama, maana wapo watoto wenye afya kamili ambao ni wafupi kwa sababu wazazi wao ni wafupi. Udumavu wa lishe bado ni mwingi nchini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na chanzo chake kwa kawaida huanzia mimbani hadi umri wa miaka 2. Pimeni kimo chake kila baada ya miezi 6. Ikiwa anaongezeka kwa chini ya sentimita 4 kwa mwaka, mwambieni daktari hivyo waziwazi.

Wanaomcheka ni juu yenu wakubwa kuwanyamazisha, na mjomba wa boksi angeanza na hilo.

SWALI: Mhariri, ninaendesha bembea za kuzunguka na magari ya kugongana, na mwezi wa Agosti huwa niko kwenye viwanja vya Nane Nane, Njiro. Kila siku wazazi wananigombeza kwa kuwakataa watoto wao. Nifanyeje? — *Mwenye Bembea, Arusha*

JIBU: Ndugu yangu, hamisha kipimo. Kama sasa kiko kwenye ngazi ya bembea, kipeleke dirishani pa kukatia tiketi, ili mzazi ajue kabla hajatoa pesa na kabla mtoto hajaanza kusubiri. Ugomvi mwingi unaoueleza ni wa hela iliyokwisha kulipwa. Tumia ubao mnene uliopakwa rangi na kukazwa kwa parafujo, kwa kuwa kijiti kilichoshikwa mkononi humfanya kila mzazi aamini kwamba umekiinua kwa makusudi. Mpime kila mtoto, hata yule ambaye ni dhahiri amepita, ili asiwepo anayejiona ameitwa peke yake.

Mstari wenyewe ufuate maelekezo ya mtengenezaji, ambayo aghalabu yako kwenye kibati kilichopigiliwa kwenye mashine au kwenye kitabu chake. Kama ulinunua mashine iliyokwisha kutumika na haikuja na karatasi, mtafute mhandisi wa mitambo aikague pamoja na viti vyake kabla ya Agosti, badala ya kukisia kwa kumtazama mtoto.

Kwa mtoto uliyemkataa, andika kimo chake cha leo na tarehe kwenye kipande cha karatasi, umkabidhi mwenyewe mkononi, si mzazi wake, umwambie akilete mwaka ujao mpime tena. Kisha mwoneshe bembea anayoweza kuipanda, maana katika viwanja vile haikosekani moja ya wadogo, hata kama si yako.