Injini ilinguruma, ndege ikagoma kupanda: kulikoni?

SWALI: Shikamoo Kapteni. Mimi ni fundi magari, niko Ng'ambo, Tabora. Oktoba iliyopita nilipanda ndege ndogo ya injini moja kwenye kiwanja cha udongo nje ya mji. Tulikuwa watatu pamoja na rubani, na madumu manne ya asali, ya lita 20 kila moja. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Ndege ilinyanyuka, ikaelea kimo cha nyumba, ikakataa kupanda, mwisho ikakaa vichakani. Tulitoka salama. Injini ilinguruma mpaka mwisho, na asubuhi ndege hiyohiyo ilikuwa imepaa vizuri tu. Tatizo lilikuwa nini?

JIBU: Marahaba, fundi. Poleni sana. Sababu rasmi huitoa mchunguzi aliyeikagua ndege, lakini dalili ulizozieleza zote zinaelekea kwenye hewa nyepesi.

Tabora iko karibu futi 3,900 juu ya usawa wa bahari, na joto huifanya hewa itanuke, iwe nyepesi zaidi. Kwa kimo hicho, vipimo vya kawaida vya marubani huchukulia joto la nyuzi 7 hivi. Kila nyuzi moja inayozidi hapo, ongeza futi 120. Nyuzi 33 za mchana wa Oktoba zinaifanya ndege ijione iko futi 7,000. Asubuhi, kwenye nyuzi 20, ilijiona iko kama 5,400. Kiwanja ni kilekile, ila mchana kimepanda mlima.

Wewe ni fundi, hili utalielewa haraka. Injini isiyo na tabochaja hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi 1,000. Kwenye 7,000, moja ya tano imekwenda. Na mafuta yakiachwa yamefunguliwa kama ya Dar es Salaam, yanazidi hewa, injini inabanwa zaidi. Ndiyo maana kabla ya kukimbia tunavuta taratibu kitufe chekundu cha kupunguza mafuta: mizunguko inapanda kidogo, kisha inaanza kushuka, unarudisha pale ilipokuwa juu. Mngurumo hauwezi kukuambia kama hilo lilifanyika.

Propela nayo inashika hewa kidogo, na mabawa pia. Mita ya mwendo ikisomeka noti 55 (maili za baharini kwa saa), magurudumu yanakimbia kama 61. Umbali wa kupaa unaweza kukaribia maradufu ya ule wa pwani.

Sasa hapo kwenye kimo cha nyumba. Bawa likiwa karibu na ardhi, ndege haivutwi sana nyuma, kwa hiyo inaweza kunyanyuka kwa mwendo usiotosha kupanda. Nafuu hiyo inakwisha ukifika kimo kinacholingana na upana wa mabawa, mita 11 hivi kwa ndege nyingi za aina hiyo. Rubani anaona miti inakuja, mkono unataka kuvuta pua juu. Akivuta, mwendo unakufa, bawa moja linalala, ndege inaanguka kichwa. Ninyi mlishuka mkiwa mmenyooka. Nadhani rubani wenu alijizuia asivute, na huenda hilo ndilo lililowaokoa.

Alipaswa kuacha kupaa mapema zaidi. Ukifika katikati ya njia ya kurukia hujapata asilimia 70 ya mwendo wa kunyanyukia, yaani noti 39 kwa ndege inayonyanyuka kwa 55, toa nguvu, kanyaga breki. Nawakazania wanafunzi wangu waweke alama pembeni ya njia, jiwe jeupe au kopo lililopakwa rangi, kabla ya kuwasha injini. Macho yakishaona miti ni vigumu kukubali kuacha.

Na ile asali, fundi. Watu wengi huhesabu dumu la lita 20 kuwa kilo 20, kama maji. Asali ni nzito: dumu linakaribia kilo 28. Madumu manne ni kilo 112, siyo 80. Kilo 32 zilizofichika ni sawa na kubeba mtoto wa darasa la nne ambaye hayumo kwenye hesabu.

Safari ijayo ombeni kuondoka kabla ya saa tatu asubuhi, na kila dumu lipandishwe kwenye mizani mbele ya rubani.