Damu ya Newala ilivyonidanganya

Mwaka wangu wa kwanza kupima jeni za kinga, nusura niandike kwamba kinga ya watu wa Newala imewaka kuliko ya watu wa Mtwara mjini. Jeni ya IL-8, ile inayoziita seli za ulinzi zikimbilie kwenye maambukizi, ilikuwa juu karibu kila sampuli ya kule. Nikachekelea. Newala si ndiko kwenye mlipuko wa chikungunya, homa ya virusi iletwayo na mbu, wa 1952, na jina lenyewe la ugonjwa ni la Kimakonde, la mtu aliyepindwa na maumivu ya viungo? Hadithi ilijiandika yenyewe.

Mzee mmoja wa maabara akalifungua daftari langu. "Mwanangu, hizi za Newala zilitolewa saa ngapi?"

Sikuwa nimeandika. Za mjini zilifika ndani ya nusu saa. Za Newala ziliteremka na gari kupitia Tandahimba, msimu wa korosho, malori ya magunia yamejaa barabarani, zikaingia maabara jua linazama.

Zote nilizichukua kwa tyubu za EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande. Damu humo haigandi, ila seli zake ziko hai. Zinahisi plastiki, baridi, mtikisiko, na zinaendelea kuwasha na kuzima jeni humo humo. IL-8 hupanda, interferoni gama, jeni nyingine ya kinga, hushuka, yote ndani ya saa chache. Na RNA za jeni hizi, yaani nakala zinazotoka jeni ikiwashwa na ndizo tunazopima, hazikuumbwa zidumu. Mwili hautaki king'ora kilie kutwa.

Kwa hiyo zizime seli palepale, mgonjwa akiwa bado ameshika pamba mkononi. Tyubu za PAXgene zina dawa ya kuzizima tayari. Ni ghali, kwa hiyo mimi ni afadhali nichukue watu wachache kuliko kurudi kwenye EDTA ya kusafirisha. Maelekezo yake yanasema damu hukaa siku 3 kwenye joto la chumba, yaani nyuzi 18 hadi 25. Chumba hicho Mtwara mwezi wa Desemba sijakiona, kwa hiyo deli la barafu lipo palepale. Tyubu za heparini, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, ziache, zinaikwamisha PCR, ile mashine inayorudufu DNA mzunguko kwa mzunguko ili tuihesabu.

Ukifika kwenye mashine, angalia jeni unayolinganishia, ile inayotakiwa isibadilike. Wengi tunashika jeni ya GAPDH kwa mazoea, wakati seli za kinga zikichokozwa nayo huweza kupanda, na ukigawa kwa kitu kilichopanda, ongezeko lako linamezwa. Tumia mbili au tatu, na uzijaribu kwanza kwenye sampuli zako mwenyewe. Tofauti ya mzunguko mmoja wa PCR ni mara mbili. Mizunguko 3 ni mara 8. Usisahau kisima, yaani kitundu kimoja cha sahani ya PCR, kisicho na kimeng'enya cha kugeuza RNA kuwa DNA. Kikitoa jibu, unapima uchafu wa DNA.

Na kabla ya kupanda gari, jitoe damu. Mimi nilijitoa, nikaigawa tyubu 4 za EDTA: moja nikaizima papo hapo, nyingine nikaziacha mezani kwa muda wa saa 2, saa 4 na saa 6 kabla ya kuzizima, kisha nikazipima zote siku moja. Ile ya saa 6 ukiichanganya na za Newala huitambui. Nami siku hiyo sikuwa na hata mafua.