Kumpa ndugu mwenye hali ya Down dawa ya kumbukumbu

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Kaka yangu ana hali ya Down, ile ya kuzaliwa nayo inayochelewesha kujifunza, na ana miaka 44. Tangu mwaka jana anasahau aliyoyazoea: udhu anaanzia miguuni, Al-Fatiha anaikatia njiani. Jamaa zetu wa Muscat wametuletea vidonge vya donepezili, dawa ya kumbukumbu, na unga wa "kuongeza akili". Mjomba anasema kumpa ni kubadilisha maumbile ya Mungu. Mwenyewe anavitema, na mama anataka tumsagie kwenye uji. Tufanyeje?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh.

Mjomba anakusudia aya ya 119 ya Suratun-Nisaa, ambamo Shetani anaapa kuwaamrisha watu wabadili alivyoumba Allah. Wafasiri wameieleza kwa mambo kama kuhasi na kuchanja mwili chale, na wengine wakasema ni kuibadili dini yenyewe. Matibabu hayamo. Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, aliwaambia wajitibu, kwani Allah hakuweka maradhi ila ameyawekea dawa, isipokuwa uzee (Abu Daud na Tirmidhi). Tena huku kusahau si umbile la kaka yako. Al-Fatiha alikuwa anaijua! Wenye hali ya Down wana kromosomu ya 21 ya ziada (kromosomu ni nyuzi za urithi ndani ya seli), jambo lililogunduliwa mwaka 1959, na humo mna jeni, yaani maelekezo, ya protini inayorundikana kwenye ubongo. Ndiyo maana ugonjwa wa Alzheimer, yaani wa kusahau unaozidi polepole, huwajia mapema, wengi wakiwa na miaka hamsini hivi.

Basi kutibu ni halali. Je, ni wajibu? Wanazuoni wengi wamesema si wajibu, kwa dalili ya yule mwanamke aliyekuwa akianguka kifafa, Mtume akamhiyarisha baina ya kusubiri apate Pepo na kuombewa dua apone. Na hapa faida yenyewe ina shaka. Memantini, dawa nyingine ya kumbukumbu, ilijaribiwa Uingereza na Norwei kwa wenye hali ya Down waliopita miaka 40, na matokeo ya mwaka 2012 yakaonyesha haikuwasaidia kuliko kidonge kitupu kisicho na dawa. Donepezili imewasaidia kidogo baadhi ya wagonjwa wa Alzheimer, ila kwa watu kama kaka yako ushahidi ni mchache, na huweza kupunguza mapigo ya moyo. Karibu nusu yao huzaliwa na kasoro ya moyo, kwa hiyo asimeze hata kimoja kabla daktari hajampima. Jamaa wa Muscat wamefanya wema, lakini wao si madaktari wake. Na huo unga utupeni. Mtume amesema anayejitia utabibu bila kujulikana kwa utabibu atabeba dhamana ya madhara, na wauzaji wa akili kwenye makopo wanaingia humo.

Ninalowasisitizia zaidi ni hili ambalo hamkuliuliza. Mpimeni thairoidi (tezi ya shingoni), masikio, macho, na mwangalie kama pumzi inamkatika usingizini. Mjiulize pia kama amefiwa au amehamishwa karibuni, kwa sababu huzuni yao mara nyingi haisemwi, huonekana kwa kuacha mambo. Haya yote hufanana na ugonjwa wa kusahau, na mengi yanatibika. Kumtafutia dawa ya mbali huku thairoidi haijapimwa ni kumpunja haki yake.

Kuhusu uji: Bibi Aisha amesimulia katika Bukhari kwamba Mtume katika maradhi yake aliwaashiria wasimtie dawa mdomoni. Wakasema, ni kawaida ya mgonjwa kuchukia dawa, wakamtia. Alipozinduka aliwakemea, akaamuru waliokuwemo nyumbani nao watiwe dawa ile, ila Abbas, kwa kuwa hakuwepo. Kukataa kwa mgonjwa kuna uzito, hata mkidhani hajui asemalo. Mwelezeni kaka kwa maneno mafupi, mumuulize kinachomkera. Huenda kidonge kinamtia kichefuchefu, nayo ni kero inayojulikana ya donepezili. Ikithibitika kwamba haelewi tena na daktari akaona dawa ni ya lazima, hapo walii wake, yaani msimamizi wake, anaweza kumpa ndani ya chakula, daktari akijua, maana si kila kidonge kinafaa kusagwa.

Sala yake isiwatie hofu. Kalamu imeinuliwa kwa aliyeondokewa na akili, na maadamu bado anaelewa atasali kadiri awezavyo. Akikatia Al-Fatiha njiani, aliye karibu naye amsomee taratibu aifuate, na msimuondoe kwenye safu.

Wallahu aalam.